Unatumia dawa ya soriasisi? Usiipuuze homa

Tuseme wewe ni karani katika ofisi moja jijini Nairobi. Kwa miaka sita umekuwa ukivaa shati la mikono mirefu hata jua linapochoma, kwa sababu viwiko, mgongo na ngozi ya kichwa chako vimejaa mabaka yaliyofunikwa na magamba meupe. Ndani ya matatu, anayeketi kando yako husogea kidogo akidhani utamwambukiza. Umepaka mafuta ya kila aina bila nafuu. Mwishowe daktari wa ngozi alikueleza kwamba ugonjwa wako unaitwa soriasisi, akakuandikia tembe za kumeza mara moja kwa wiki. Miezi minne baadaye ngozi imelainika, nawe umenunua shati la mikono mifupi.

Halafu jioni moja ya msimu wa mvua unahisi baridi mwilini na koo linawasha. Unafanya kama ulivyozoea tangu utotoni. Unapitia duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu, unaomba "kitu cha homa", nawe unapewa Septrin na tembe za kutuliza maumivu. Humwambii muuzaji kuhusu tembe zile za kila wiki. Kwani ngozi na koo vina uhusiano gani?

Vina uhusiano mkubwa, na kutoujua kumewahi kugharimu maisha ya watu. Dawa inayotuliza soriasisi hufanya hivyo kwa kupunguza nguvu za kinga ya mwili. Kwa hivyo homa ya mtu anayeitumia si homa ya kawaida, na dawa ambayo jirani yako huimeza bila madhara inaweza kuwa sumu kwako.

ASKARI ALIYEKOSEA ADUI

Soriasisi haiambukizi. Haitokani na uchafu, wala si kurogwa. Ni ugonjwa unaotokana na kinga ya mwili yenyewe. Kwa kawaida ngozi hujibadilisha polepole, kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga huichochea ngozi kuzalisha seli mpya kwa siku chache tu, na zile za zamani hurundikana juu na kuwa magamba. Mwaka wa 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulipitisha azimio lililoutambua kuwa ugonjwa sugu, wenye maumivu, unaoharibu sura na usioambukiza.

Fikiria kinga ya mwili kama askari wa lango la mtaa wenu. Katika soriasisi askari huyu ameanza kuwapiga wenye nyumba. Daktari anapompa kitu cha kumtuliza, wenye nyumba hupata amani. Lakini askari aliyetulizwa husinzia kidogo, na mwizi akipita huenda asimsikie. Mwizi ndiye kijidudu cha nimonia, cha kifua kikuu, au virusi vya tetekuwanga.

NI DAWA ZIPI?

Si kila dawa ya soriasisi iliyo na hatari hii. Mafuta ya kupaka yakitumiwa jinsi daktari alivyoagiza, pamoja na tiba ya mwanga, hayapunguzi kinga ya mwili mzima kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Zinazohitaji tahadhari ni zile zinazomezwa au kudungwa na kuenea mwilini.

Ya kwanza ni methotrexate, dawa ambayo ni ya bei nafuu na inayotumika sana. Asili yake ni ya kusisimua. Mwaka wa 1951 madaktari wa Marekani waliokuwa wakijaribu dawa ya jamii yake kwa wagonjwa wa baridi yabisi, waliona magamba ya soriasisi yakitoweka. Ya pili ni ciclosporin, ambayo hutumiwa pia na watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ya mwenzao.

Kundi la tatu ni sindano za kibiolojia, kama vile adalimumab, etanercept na infliximab, ambazo hufunga njia moja maalumu ya kinga. Bei yake ni ghali, na si wengi hapa nchini wanaozimudu. Hata hivyo zipo, na anayezitumia yapasa azijue vyema.

Mwisho kuna stiroidi za kumeza, kwa mfano prednisolone. Hizi kwa kawaida si dawa ya soriasisi. Hutuliza ngozi upesi, lakini zikikomeshwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, pengine kwa vipele vya usaha mwili mzima. Ikiwa ulinunua tembe kama hizo bila cheti cha daktari, usiendelee nazo kimyakimya, na pia usizikatize leo. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

KIFUA KIKUU KILICHOLALA

Kati ya maradhi yote, hapa kwetu linaloogopwa zaidi ni kifua kikuu. WHO inakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa vijidudu vyake. Wengi wao si wagonjwa, hawakohoi wala hawaambukizi mtu. Kinga yao imevizungushia vijidudu hivyo ukuta, na humo ndani vinaweza kulala kwa miaka mingi. Katika orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025, Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Kwa hivyo mkazi wa mjini, anayepanda matatu iliyofungwa madirisha kila asubuhi, hawezi kusema kwa uhakika kwamba yeye hanavyo.

Baadhi ya sindano za kibiolojia huubomoa ukuta huo. Hizi ni zile zinazozuia kemikali ya kinga iitwayo TNF, ambayo kazi yake mojawapo ni kushikilia matofali ya ukuta wenyewe. Jambo hili lilijulikana wazi mwaka wa 2001, watafiti walipochapisha habari za wagonjwa 70 waliopatwa na kifua kikuu baada ya kudungwa infliximab. Wengi waliugua mapema, baada ya sindano tatu au pungufu. Zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa nje ya mapafu.

Hilo la mwisho lishike sana. Sisi tumezoea kwamba kifua kikuu ni kikohozi. Kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa, kinaweza kuingia kwenye tezi za shingo, uti wa mgongo, tumbo au utando wa ubongo, bila kikohozi chochote. Dalili huwa ni homa isiyoisha, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda na uchovu.

Sindano mpya zaidi, zinazofunga njia nyingine za kinga, zimeonekana kuwa na hatari ndogo zaidi kwa upande wa kifua kikuu. Lakini baadhi yake huleta ukungu wa mdomoni, yaani utando mweupe kwenye ulimi na mashavu. Hakuna dawa ya kundi hili isiyokuwa na mlango wake.

VIPIMO KABLA YA TEMBE YA KWANZA

Ndiyo maana daktari mwangalifu hakupi dawa hizi siku ya kwanza unapoingia chumbani mwake. Usikasirike akikutuma maabara. Anatafuta mambo haya:

Kifua kikuu. Utaulizwa kama umeishi na mgonjwa, utapigwa picha ya kifua, na hasa kabla ya sindano utapimwa kwa sindano ndogo ya ngozi au kwa damu. Kipimo cha ngozi husomwa baada ya saa 48 hadi 72, basi usikose kurudi. Ikionekana una vijidudu vilivyolala, utapewa dawa za kuvimaliza. Kwa kawaida mgonjwa huzitumia kwa angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza sindano, kisha huendelea nazo hadi zitimie.

Homa ya ini aina ya B. Virusi vyake pia huweza kulala, kisha vikaamka kinga ikipungua na kuliharibu ini. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga hapa Kenya mwaka wa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, yaelekea hukuipata utotoni.

Virusi vya ukimwi. Soriasisi kali inayozuka ghafla wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya virusi hivi. Matokeo yakiwa mabaya, si mwisho wa matibabu ya ngozi. Daktari atachagua njia nyingine iliyo salama zaidi.

Damu, ini na figo. Methotrexate hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hujilimbikiza.

Vipimo vya damu haviishii hapo. Kwa methotrexate hurudiwa kila wiki moja au mbili mwanzoni, halafu kila baada ya miezi miwili au mitatu hali ikitulia. Wengi huviacha ngozi inapopona, wakiona ni kupoteza fedha. Lakini chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo jeshi lako, zinaweza kupungua bila wewe kuhisi lolote. Ni maabara tu inayoweza kukuonya mapema.

MARA MOJA KWA WIKI, SI KILA SIKU

Kosa kubwa kupita yote katika kutumia methotrexate ni kuimeza kila siku. Tumezoea tembe za kutwa mara tatu, na mwandiko wa cheti pengine hausomeki. Methotrexate ya soriasisi humezwa siku moja tu ya wiki. Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike kwenye kalenda ya ukutani. Mtu aliyeimeza kila siku anaweza kuharibikiwa na uboho, mahali damu inapotengenezwa, na wapo waliofariki kwa kosa hilo.

Tazama pia uzito wa tembe. Kuna za miligramu 2.5 na za miligramu 10, na zinaweza kufanana machoni. Ukipewa pakiti tofauti na uliyozoea, uliza kabla ya kumeza. Zile tembe za foliki ulizoandikiwa hupunguza madhara, nazo mara nyingi humezwa siku tofauti na ya methotrexate. Usizidharau.

KWA NINI SEPTRIN NI HATARI

Sasa turudi kwenye duka la dawa. Methotrexate hufanya kazi kwa kuzuia matumizi ya foliki, vitamini ambayo seli huihitaji ili kuzaliana. Septrin nayo, ambayo jina lake jingine ni co-trimoxazole, ina kiungo kiitwacho trimethoprim ambacho huzuia njia hiyo hiyo. Isitoshe, huzifanya figo zichelewe kuitoa methotrexate. Zikikutana mwilini, uboho unaweza kusimama. Vidonda huchipuka mdomoni, koo huuma, mwili hupata alama za damu chini ya ngozi, na homa hupanda kwa sababu hakuna askari aliyebaki. Hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitalini, ambako kuna dawa ya kuipinga ikiwahiwa.

Dawa za zamani za malaria za aina ya Fansidar zinazuia njia hiyo ya foliki pia. Tembe za maumivu kama vile ibuprofen, diclofenac na aspirini zinaweza kuzisumbua figo, kwa hivyo usizitumie bila kumuuliza daktari wako. Ukiwa na maumivu madogo, paracetamol kwa kiasi kilichoandikwa ndiyo yenye usalama zaidi. Lakini isiwe kisingizio cha kuishusha homa ukakaa nyumbani. Pombe nayo huliongezea ini mzigo.

HOMA IKIKUPATA

Joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi, mwone daktari siku hiyo hiyo. Usingoje wikendi ipite. Vivyo hivyo ukiona mojawapo ya haya hata bila homa kali, kwani dawa hizi, hasa stiroidi, huweza kuificha homa:

- kukohoa au kuhema kwa shida;
- vidonda mdomoni, au koo linalouma bila kupona;
- damu kutoka kwenye fizi au kuchubuka bila kugongwa;
- maumivu ukikojoa;
- jeraha linalotunga usaha au wekundu unaoenea;
- malengelenge yenye maumivu upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi;
- macho kugeuka manjano.

Pimwa malaria, naam, lakini usiridhike hapo. Kipimo kikionyesha huna malaria, swali la kwa nini una homa bado halijajibiwa. Na hata kikionyesha unayo, mwambie anayekutibu dawa unazotumia kabla hajaandika nyingine.

Ikiwa siku ya methotrexate imefika nawe una homa kali, unatapika au unaharisha, usiimeze mpaka uzungumze na daktari. Mwili uliokauka maji hauitoi dawa ipasavyo. Kukosa wiki moja hakutairudisha soriasisi mara moja. Sindano ya kibiolojia nayo huahirishwa mpaka ugonjwa uishe. Stiroidi peke yake ndiyo isiyokatizwa ghafla, kwani mwili ulioizoea huweza kuzimia bila hiyo.

Ukikaa karibu na mtu mwenye tetekuwanga au ukambi, nawe hujawahi kuugua wala kuchanjwa, piga simu kliniki siku hiyo. Kuna matibabu ya kuzuia, lakini hufaa yakitolewa mapema.

CHANJO NA MTOTO MCHANGA

Chanjo zisizo na kijidudu hai, kama za mafua, nimonia na homa ya ini aina ya B, zinaruhusiwa, tena zinapendekezwa. Zenye kijidudu hai ndizo za kuhofiwa. Miongoni mwake ni ya homa ya manjano, ukambi, tetekuwanga na BCG. Kama unahitaji mojawapo, ni heri upewe angalau wiki nne kabla ya kuanza dawa. Msafiri anayeelekea Uganda na kutakiwa cheti cha homa ya manjano amwone daktari wake kwanza, asikimbilie kudungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Methotrexate hairuhusiwi kabisa kwa mama mjamzito, kwani humdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia lazima apange uzazi, na mwanamume anayetaka mtoto azungumze na daktari kwanza. Lakini kuna akina mama wanaoendelea na sindano za kibiolojia wakiwa wajawazito. Nyingi ya sindano hizo hupita hadi kwa mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho, na hubaki katika damu yake kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Hapa kwetu mtoto hudungwa BCG mara tu anapozaliwa, nayo ni chanjo hai. Mwaka wa 2010 madaktari walichapisha habari za mtoto aliyefariki kwa kuenewa na vijidudu vya BCG, mama yake akiwa alitumia infliximab wakati wa ujauzito kwa ugonjwa wa matumbo. Ikiwa hali yako ni hiyo, mwambie muuguzi wa uzazi kabla ya kujifungua. Chanjo hai huahirishwa, kwa kawaida hadi miezi sita au zaidi. Zile nyingine hutolewa kwa wakati wake.

JIKONI NA NJIANI

Huna haja ya kujifungia nyumbani. Nawa mikono, chemsha maji, na chemsha maziwa hata ya kutengenezea mala. Nyama choma iive hadi ndani, na mayai yasiwe mabichi. Ndani ya matatu omba dirisha lifunguliwe. Ukisafisha banda la kuku au ghala lenye vumbi, funika pua na mdomo. Paka ngozi mafuta isipasuke, kwani kila ufa ni mlango.

USIIOGOPE DAWA YENYEWE

Huenda sasa unafikiri ni afadhali kuzitupa tembe. La hasha! Wengi wa wanaozitumia kwa uangalizi hawapati maambukizi makubwa. Soriasisi kali isiyotibiwa nayo ina hatari zake. Ngozi iliyopasuka huingiza vijidudu, viungo huweza kuharibika, na wapo wanaopoteza kazi na hata hamu ya kuishi.

Unachotakiwa ni kitu kidogo. Chukua kadi, uandike: "Ninatumia methotrexate mara moja kwa wiki, siku ya Jumatatu. Nisipewe Septrin. Homa kwangu ni dharura." Badilisha jina la dawa na siku kulingana na yako, uongeze nambari ya simu ya kliniki, uiweke pamoja na kitambulisho. Mwonyeshe mkeo au mumeo mahali ilipo, kwani siku utakayoihitaji huenda ukawa huwezi kusema.

Na jioni ile ya mvua, koo likiwasha, ipite milango ya duka la dawa. Nenda moja kwa moja kwa daktari, utoe kadi hiyo kabla hujasema lolote lingine.